Tope Jeusi

Saa kumi na moja. Kegode bado amelala.
Nimeisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati,
gurudumu la nyuma linaning'inia
kama mguu wa mtoto aliyekalia benchi refu.
Mafuta ya taa kwenye kopo la Kimbo,
mswaki wangu uliokwisha meno,
shati lake la darasa la nane, sasa tambara.

Nasugua pingili, nazungusha, nasugua.
Ni mia moja na kumi na nane.
Nilizihesabu mwaka jana, cheni ilipokatika
kwenye mteremko wa Mudete,
abiria akiwa mja mzito.

Juu kuna vumbi jekundu, la hapa Chavakali.
Hilo nalijua, tunalila na ugali.
Chini yake, kati ya meno ya sproketi,
tope jeusi, linanata kama ulimbo,
na ndani yake pumba za mpunga.

Huku hatulimi mpunga.

Jana alisema, "Nilishinda stejini, Mama.
Wateja hakuna." Akala, akalala.
Cheni haijui kudanganya:
imeshuka hadi Ahero, imevuka mifereji,
imefika kwenye ua nilioutoka
na mtoto wa miezi saba na sufuria moja.

Nabonyeza kwa kidole. Inacheza
upana wa vidole viwili. Sawa.
Ukikaza mno, inakatika;
ukilegeza, inaruka meno.
Fundi Asava alinifunza kwa shilingi hamsini,
naye alikuwa akisema juu ya cheni tu.

Halafu naiona klipu ya kiungo.
Mdomo wake unatazama mbele,
gurudumu linakokwenda.
Jiwe moja tu lingeing'oa.
Hii si kazi ya Asava.
Wala si ya Kegode, mwanangu ana mkono.
Kuna mtu aliyeinama hapa jana,
akataka kusaidia, akafunga kinyume.

Namjua.
Hata choo chetu alikitilia komeo nje.

Nacheka peke yangu gizani, kidogo,
kisha naigeuza kwa koleo. Mdomo nyuma.
Naidondoshea oili upande wa ndani,
tone, tone, hadi mlio unyamaze.

"Umeiosha tena?" Yuko mlangoni, bila viatu.
"Ilikuwa na tope."
Anatazama kopo, maji meusi, pumba zinazoelea.
Anatazama ukuta.
Namwekea chai.
"Iko sawa sasa," namwambia.
"Hata mbali, inafika."