Watoto Sita

Daftari lilikuwa juu ya kabati, Langoni,
chini ya fremu za madirisha yaliyovunjwa.
Karani wa leo, Fumo, kijana wa simu mbili,
alilipuliza vumbi, akapiga chafya mara tatu,
akaniambia: "Soma, ila usilambe kidole."

Nililamba.
Kurasa zilikuwa zimegandana kama vitumbua vya jana.

Nyumba ya arubaini na moja. Lalli bin Athmani.
Karani wa zamani alimwongezea lamu ya pili,
kana kwamba moja haikumtosha kuishi.
Kazi: mshona kofia.
Mke: mmoja. Jina halikuulizwa.
Mbuzi: wawili.
Watoto: sita.

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa punje za tasbihi:
Athmani, Madi, Sheebwana, Mwanamize,
Bwanaheri aliyekwenda na ndui, Somoe.
Wametimia.
Batuli hayumo.

Na Batuli ndiye aliyemzaa nyanya yangu.

Mama hakuacha kukuna nazi niliposimulia.
"Watoto si fungu la samaki, hawahesabiwi.
Ukiwahesabu, kuna asikiaye akaja kudai wake.
Alipobisha mzungu na mkalimani wake,
Mwana Tima alimfunika kitinda mimba
ndani ya sufuria la karamu,
akakaa juu ya kifuniko, akachambua mchele.
Wote ndio hawa?
Ndio hawa uwaonao."

"Na mbuzi wawili? Ukoo huu ulifuga lini?"

Hapo mama alicheka hadi tui likamwagika.
"Aliwaambia: ninao wawili,
mmoja hula majani, mmoja hula nazi.
Mkalimani akakohoa. Kalamu ikaandika.
Huyo wa pili ndiye huyu nimemkalia."

Mbuzi ya kukunia nazi imo kitabuni, na muhuri juu.
Batuli hayumo.

Agosti ile ya hesabu, usiku,
binti mmoja alikuja na kibao cha kioo na kipande cha chaki.
Waliolala humu ni wangapi?
Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia:
"Watano."

Tulikuwa sita.

Akataja majina polepole, kama atoaye sadaka:
lake, la kaka, la wifi, ya wale pacha.
Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika taa.
Binti akanitazama. Mama akasema,
"Huyu ni jirani, amekuja kuomba chumvi."

Chaki ikakwaruza mbao.
Nikaingia jikoni, nikachota chumvi,
sikujua niipeleke wapi.