Uzi Mwekundu, Uzi wa Bluu

Tarehe ishirini na mbili, Pasua inachemka.
Bati linalia kama linakaangwa,
na Kibo, mwenye barafu yote ile,
amejifunika shuka la wingu, hagawi.
Basi nitagandisha yangu.

Nimetoka Mbuyuni na pesheni zilizokunja uso
(usizidharau, zile laini ni maji matupu),
embe za Kahe zinazonukia mpaka kwa jirani,
rozela kavu, robo kilo,
na chupa ndogo ya konyagi ndani ya kanga,
maana Mama ni mzee wa kanisa
na mfuko wa wavu una mdomo.

Rozela kwanza. Chemsha, chuja, tia sukari, ipoe.
Mimina theluthi ya kikombe, basi, ondoa mkono.
Halafu ngoja.
Hapa ndipo wengi wanaposhindwa.
Ukimimina embe kabla nyekundu haijashika
utapata rangi ya matope ya Njoro,
na hakuna mgeni atakayeamini
kwamba ulikusudia matabaka.

Nikangoja. Nikafua mashuka ya wageni.
Nikafungua friza, nikagusa kwa kidole. Bado.
Nikachambua mchele.
Nikagusa.

La pili, embe na mbege,
mbege ya juzi kutoka Kibosho,
nimeichuja mara mbili isibaki punje ya ulezi.
La tatu, juu kabisa, pesheni na konyagi:
kifuniko kimoja kwa kikombe. Usiongeze.
Pombe haigandi kwa ubishi.
Ukizidisha, inalala friza usiku kucha
na asubuhi inakutazama, maji vilevile,
kama mtu aliyeapa kesho ataacha.

Hapo nikaweka kijiko chini.

Elirehema anakuja na basi la kesho.
Miezi saba sasa. Hajamwambia mtu.
Aliniambia mimi, usiku, kwa simu,
sauti imefifia kama redio yenye betri iliyochoka:
"Dada, usinitangaze."
Mwaka jana alianguka migombani mbele ya watoto.
Wakadhani ni mchezo, wakacheka,
naye akacheka, damu nyusini.

Vijiti nimevifunga uzi.
Bluu kwa watoto, tunda tupu.
Mwekundu kwa wakubwa.
Na nne zenye uzi mwekundu,
tunda tupu,
nimezificha nyuma ya kichwa cha mbuzi.

Umeme ukakatika saa nane, ukarudi saa tisa na robo.
Muda wote huo nilikalia friza
kama kuku anayeatamia.

Sikukuu, baada ya ibada, uani.
Shemeji Ndesario akanyonya, akafumba jicho moja:
"Hii imesimama!"
Shangazi Anansia, asiyeonja kileo tangu kipaimara,
akaomba ya tatu, kwa ajili ya embe.
Watoto ndimi zimekuwa zambarau.

Elirehema akapokea yake.
Akalamba pesheni. Akanyamaza kidogo.
Akanitazama juu ya kijiti.
Mimi nikaangalia kuku.
"Kali," akasema, wote wasikie. "Kali kwelikweli."

Akamaliza ya kwanza, ya pili,
akafika kwenye embe, kwenye nyekundu, ya tatu, ya nne,
kama mtu anayeshuka ngazi akihesabu.

"Mwongezee, bwana, leo sikukuu!"
Na mkono wa Ndesario ulishaingia friza,
ulishakamata uzi mwekundu,
ule wenyewe.

Mimi ulimi umeganda.

Mama hakuinua kichwa kwenye sinia la pilau.
"Hizo nyekundu ni za wageni wa jioni.
Mwanangu mpe ya bluu."

Akasema vile tu, akaendelea kupakua.
Kisha mkono wake unaonuka kitunguu
ukaokota uzi uliodondoka miguuni pa Elirehema,
ukausokota,
ukautia mfukoni mwa gauni la kanisa.