Mlinzi wa Dakika ya Tano

Enzi za zamu ya mchana Baba alitazama nasi.
Isevya, sebule ya hatua nne,
runinga ya chogo chini ya kitambaa alichofuma Mama,
haifunuliwi kabla ya saa mbili,
flashi moja, filamu sita kwa jero,
na sauti ya mtafsiri iliyosemea wote:
bibi harusi, jambazi, mtoto, mbwa.

Maoni? Nani hakuwa nayo!
Kalunde, mpangaji wetu, fundi cherehani,
alimkemea mke mkubwa uso kwa uso na kioo:
"Upole gani huo, dada?
Upole wa kuuziwa nyumba ukiwa ndani unapika!"
Mihayo alitaka ngumi tu,
wakianza kubusiana anakwenda kunywa maji.
Mama alihukumu kwa viatu.
"Tajiri? Huyu? Mtazame kisigino."
Luku ikikata katikati
tuliendeleza kesi gizani, bila mshitakiwa.

Baba alingoja.
Adui akishaporomoka kutoka ghorofani,
wapenzi wakishakumbatiana mvuani, majina yakipanda,
anakohoa kidogo:
"Na yule mlinzi?"

Mlinzi gani?

"Wa getini. Dakika ya tano.
Wamemchoma kisu wakamruka kama dimbwi.
Nani alipeleka habari kwao?"

Tulicheka hadi Kalunde akapaliwa na michembe.
Yeye akahesabu kwa vidole:
wa getini mmoja, wa koridoni wawili,
dereva aliyeteketea na gari la bosi,
"na hakuna aliyegeuka hata kutazama.
Hawa nao asubuhi walikunywa chai."

Kisha wakampeleka zamu ya usiku,
ghala la tumbaku, ng'ambo ya reli.
Rungu, tochi, filimbi, koti la jeshi la mtumba.
Saa kumi na mbili jioni mnyororo wa baiskeli unalia
hadi unapotea kwenye kona ya mashine ya kusaga.
Tulibaki na kochi pana zaidi
na maoni yetu yale yale,
ila siku hizo geti likionyeshwa tu
Mama alikuwa anakwenda kutazama kama mlango umefungwa.

Asubuhi anarudi ananuka majani makavu.
"Mwangaluka."
Anakaa. Anapokea chai.
"Haya, nihadithieni ya jana."

Mama ndiye aliyehadithia.

"Kulikuwa na mlinzi, anaitwa Kapembwa."
(Mtafsiri hakumpa jina.)
"Mtu wa makamo, ana watoto wawili, wa pili anasumbuliwa na kifua.
Basi usiku wakaja watu watano na visu."

Baba akaweka kikombe chini.

"Lakini unajua masikio ya mlinzi.
Aliwasikia tangu kwenye kokoto.
Akazima tochi, akajibanza nyuma ya pipa, akapuliza filimbi."

"Hawakumpata?"

"Walimkwaruza begani. Hapa. Kidogo tu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja
na nilikuwa nimeona damu ikifika hadi barabarani.
Nikafungua mdomo.
Chini ya meza mguu wa Mama
ukaja juu ya wangu, ukatulia hapo,
mzito, wa moto, hauna haraka.

"Asubuhi bosi akaja mwenyewe kumpa pole," Mama akasema,
akimwongezea asali bila kuulizwa.
"Akamlipa na ya usiku ule."

Baba akatafuna mchembe mmoja taratibu
kama mtu anayesoma barua.
"Hapo sasa," akasema. "Aliyetengeneza hiyo ana akili."

Akavua viatu, akaenda kulala.
Habari za stelingi hakuuliza.
Stelingi hafi, kila mtu anajua.