Udongo Umekataa

Kilima kilikuwa kimelala tu.
Mwaka wa pili bila jembe, majani yamefika kiunoni,
na kila mtu kule juu ya Bukavu alijua:
mvua ijayo, maharage.

Mzungu akaja na mnyororo wa kupimia.
Karani Ntabala akashika ncha yake, akatembea
akikanyaga mafiga matatu, bado meusi,
akaupita mgomba palipozikwa kitovu cha baba yangu,
na jioni wakaandika neno moja kitabuni:
TUPU.

Ng'ombe wa kalinzi alikwisha kwenda kwa mwami,
mtamba mwekundu mwenye doa shavuni.
Kodi ya kichwa ilikwisha lipwa,
babu akivaa kibati chake shingoni kama mbuzi wa mnada.
Sasa kilima kikataka kulipiwa tena,
safari hii kwa migongo: siku tano kwa juma, wake kwa waume,
kupanda kwinini juu ya viazi vyetu.

Bibi, M'Cirhuza, hakuwa mtu wa maneno.
Alikuwa na chungu.
Kabla ya jogoo alichemsha maji,
akina Nankafu nao wakachemsha,
wakapanda mlima na mitungi kichwani,
ngata za majani ya mgomba zikiloa jasho.
Ukungu wa ziwa ukaficha mvuke.
Kapita Bisimwa akahesabu wanawake: kumi na wanane, wote wapo,
wote wanamwagilia.
Akatia alama.

Siku ya tatu miche ikainama.
Bwana akaleta mtaalamu kutoka mjini, mtu wa miwani;
akaonja udongo kwa ncha ya ulimi,
akatema.
"Mnasemaje ninyi?"
"Udongo umekataa, Bwana."
Wakapanda tena.
Ukakataa tena.

Sitaki kusema walishinda.
Nankafu alipigwa fimbo kwa sababu alicheka,
babu alitoka gerezani na kikohozi kilichomzika,
na lile neno bado limo kitabuni, mjini,
nimeliona kwa macho yangu, wino haujafifia.

Ila bibi, hata uzeeni,
hakumwaga maji ya moto uani
bila kwanza kuinama, akaiambia ardhi polepole:
"Sogea, mama.
Wale watoto wa kwinini
hawakuwa na kosa."