Ushuru wa Joto

Mji wenyewe unaitwa Moshi,
hakuna haja ya kuuliza moto uko wapi.
Saa saba mchana, Mbuyuni, chini ya mwavuli mwekundu,
uko kiganjani mwa Ndekirwa, wakala wa pesa:
simu imechemka kama yai,
imeandika kwamba haifanyi kazi mpaka ipoe,
na wateja wanane wanatazamana.

Ameshaifunga kitambaa cha maji.
Ameshaitumbukiza kwenye deli la muuza barafu,
ikatoka jasho, ikanywa jasho lake, ikazima siku mbili.
Akaniletea.
"Fundi, hii ina homa."

Dawa ya homa sina.
Nina kigae cheupe, upana wa kiberiti,
nilichokichomoa kwenye friji bovu la gari la watalii,
lile la kupeleka soda baridi hadi geti la Marangu.
Ukikilisha umeme, upande mmoja unaganda, wa pili unaunguza.
Hilo kila fundi analijua.
Lakini usiku mmoja umeme ulikatika,
nikakiegemeza, bila kuwaza, kwenye sufuria ya chai,
mgongo wake ukielekea upepo unaoshuka mlimani,
na sindano ya mita ikatikisika.
Kidogo.
Kama kope ya mtu anayejifanya amelala.

Kumbe joto ni msafiri,
halina kwao, linafuata penye baridi,
na kigae ni yule kijana wa ushuru mlangoni mwa soko:
pita, mzee, ila acha chochote.
Linachoacha ndio umeme.
Na pasipo tofauti hakuna safari;
siku Kibo itakapofanana na Mbuyuni
hata upepo utakaa chini.

Nikakibana mgongoni mwa simu,
nyuma yake mapezi ya bati niliyoyakata kwenye redio ya marehemu baba,
na feni ya ukubwa wa kizibo.
Jumatatu feni ikakataa.
Jumanne ikakataa.
Kisamo wa kibanda cha pili akacheka hadi akashika meza:
"Unataka mwizi ajifunge pingu mwenyewe?"

Jumatano, saa nane, jua limekaa juu ya bati kama mwenye nyumba,
ikazunguka mara moja. Ikasita.
Ikaenda.

Simu ikizidi kuchemka, feni inazidi kukimbia;
simu ikipoa, feni nayo inasinzia.
Hapo ndipo nilipoipenda.
Nani mwingine mjini hapa anajua kuacha kazi ikiisha?
Nikachukua boksi la chaja, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito:

*Joto usilifukuze, lina kazi ya kutosha,*
*Lipe njia lipenyeze, feni ndogo kuzungusha,*
*Upepo uitulize, simu iliyojichosha,*
*Dawa ya moto ni moto, wahenga walitufunza.*

Miaka yote nilidhani wahenga walisema ugomvi.

Sitakudanganya: ilishuka nyuzi nne tu.
Lakini nne hizo ndizo zilizokuwa kati ya foleni na matusi.

Jioni Ndekirwa amenilipa kwa simu ileile, elfu sita.
Nilipotaka kuzitoa, makato yakawa yananisubiri mlangoni.
Pesa nayo ikivuka inaacha chochote;
sijui inazungusha feni ya nani.
Ng'ambo ya barabara
ile ya kwangu inaguna, polepole,
kisha siisikii.