Kiraka cha Begani

Picha aliileta mjukuu wa katekista,
kona moja imeliwa na mende.
Nyuma yake, kwa wino uliopauka:
Maziko, Buddu.
Basi. Jina hakuna.

Katikati mzigo mrefu umelazwa juu ya majani,
umekazwa kwa kamba, uso hauna.
Wanawake wamejifunga maganda makavu ya mgomba viunoni,
nywele za wanaume zimeachwa zimee
kama magugu ya shamba lisilo na mwenyewe.
Kamera haitazamwi na mtu, ila mtoto mmoja,
naye alitikisika: ana vichwa viwili.

Nikasema, huyu hatutamjua tena.
Bibi Zerida akaomba miwani yangu.
Akaiweka picha gotini, akaipitia kwa kidole
kama mtu anayechambua mchele.

"Mifuo hii myembamba ni ya nyundo ya baba.
Nyundo ya Ssebuufu ingekwaruza.
Hesabu mikunjo shingoni: sita, saba... tisa.
Magome tisa. Kila nyumba ilileta lake,
na waliokuwa na deni naye wakaleta mazito.
Sasa hapa, begani. Unakiona kiraka?
Kama jani la kunde.
Mtuba wa nyuma ya zizi ulipigwa pembe na ng'ombe
ungali mchanga. Kila mwaka waliubambua,
wakauvika majani ya mgomba jua lisiuchome,
nao ukaota ngozi mpya,
na tundu lake palepale.
Baba alilishona kwa ukindu. Akaikunja nguo ile,
akaiweka darini, akasema: hii ya mama."

Akanyamaza. Jikoni maji yakafurika, yakazima moto;
hatukuinuka.

"Rangi picha haikuiweza.
Ilikuwa ya udongo mvua ya kwanza inapougusa.
Walipomshusha, hukujua
nguo inakomea wapi, kaburi linaanzia wapi."

Kidole kikasogea kwa yule mtoto, kikakaa.
"Mzungu alisema nitulie.
Na mimi nilikuwa namtafuta uso."

Kisha: "Andika."
Nikaigeuza picha, nikaandika kwa penseli butu:
Nabukenya, mama wa Kajoba.
N moja ilikuwa imenitoka. Nikaichomeka juu, ndogo,
na kijimstari cha kuishikiza.

Bibi hajui herufi.
Akapapasa karatasi, akafika pale, akasimama.
"Hapa," akauliza, "palitoboka?"