Hali ya Bidhaa: Nzuri Kiasi

Bwana Mruttu, malalamiko yako nimeyapata
saa nne usiku, simu ikiwa na asilimia tisa,
umeme wa Newala umekatika tangu magharibi.
Umeandika: Rupia ina tundu lililozibwa. Hukusema.
Kisha nukta. Hukunitukana.
Hilo ndilo lililoniuma.

Maana majibu ya kujibu matusi nilikuwa nayo:
kwamba mnada ni mnada na macho ni yako,
kwamba kitu kilichofuliwa kabla ya vita vya Mjerumani
hakiwezi kukujia na sura ya bibi harusi,
kwamba picha niliweka sita.
Sita, kweli. Ila katika zote sita
dole gumba langu limekaa palepale,
juu ya masharubu ya yule bwana wa kofia ya tai,
kama mtoto aliyepakalia pale alipokojoa.

Nilijua.

Tundu ni la bibi yangu, Asumini Nang'ombe.
Alilitoboa kwa msumari wa bati
akaifunga rupia kiunoni mwa baba
aliyekuwa mtoto wa homa, wa leo yupo kesho hayupo.
Homa ikachoka. Rupia ikahamia kopo la ugoro.
Lehemu ni ya Chitanda, fundi redio wa stendi;
nilimpa elfu mbili, akaigeuza, akaniuliza:
"Unatengeneza au unaficha?"
Nikacheka.
Chenji yangu sikuidai.

Na mimi binti wa nani, Bwana Mruttu?
Binti wa mtu ambaye msimu wa korosho
humwaga gunia zima sakafuni
kutafuta jiwe moja ambalo hakulitia.
Nimemwona amesimama ghalani, mikono nyuma,
mpimaji akizipasua korosho zake kwa kisu:
nzima huku, ya madoa kule, iliyooza pembeni,
na mnunuzi hajatamka hata shilingi.
Mwaka mmoja mvua iliwahi, zikalowa.
Wakamsomea: daraja la pili.
Hakubisha. Alichovya dole kwenye wino
akalibandika chini ya aibu yake,
dole pana, lililopinda kidogo kwa ndani.
Ndilo nililorithi.
Ndilo unaloliona kwenye picha.

Basi irudishe. Itie kwenye basi la Masasi,
gharama ya kifurushi juu yangu.
Elfu sitini na tano zako nimeshazituma,
makato ya kutuma yamepungua kidogo, nivumilie hadi Ijumaa.

Tangazo jipya nimeliandika kwa mshumaa:

Rupia moja, ya fedha. Mwaka unasomeka.
Ukingo una alama upande mmoja: mtoto aliotea meno.
Tundu moja, la msumari.
Lehemu ya stendi, mbaya, inaonekana ukiinamisha.
Ilisuguliwa kwa majivu na ndimu;
najua ninyi wakusanyaji hilo mnalichukia.
Harufu ya ugoro haitoki.
Picha: saba. Vidole: hakuna.

Fomu inauliza uzito, inauliza kipenyo,
inauliza kama nina cheti.
Haiulizi kama mwenyewe anajua.

Hapo ndipo nilipokwama.
Kwa sababu kuna tundu la pili, Bwana Mruttu,
ambalo hata kwa lenzi yako usingeliona:
baba yu hai. Anakohoa chumba cha pili.
Juzi alilitikisa lile kopo, likanyamaza,
akalirudisha juu ya kabati
bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo usiiharakishe. Basi la polepole linatosha.
Kesho, akishakunywa uji, nitaketi mbele yake
nimsomee hali ya bidhaa,
mstari kwa mstari, kama alivyosomewa yeye.
Akisema uza, nitabonyeza.
Akinyamaza,

simu imebaki asilimia mbili,
nitakuandikia.